Kioo Chenye Adabu

Foleni ya Kioo cha Ipuli ilikuwa fupi asubuhi ile, lakini Mwalimu Kalunde alihema kama aliyetoka kupanda mlima na gunia kichwani. Milembe hakuhitaji macho kulijua hilo. Alikuwa amemshika kiwiko, na kiwiko kilitetemeka, na kilikuwa cha moto.

"Mwalimu, hali hii imeanza lini?"

"Ah, juzi juzi tu. Kuna kitu kinanivuta hapa chini, upande wa kulia. Jana nilikuja, na juzi nilikuja. Kioo kinaniambia nikapumzike."

"Ukapumzike? Na joto lote hili?"

"Kwa adabu, lakini," alisema Kalunde, akajaribu kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Kina adabu sana kioo chako, Milembe. Umekilea vizuri."

Kweli kilikuwa chake, na kila mtu Tabora alijua hivyo. Zama zile hakuna aliyeingia hospitali kwa kupiga hodi. Mlango haukuwa na bawabu wala kitasa. Ulimfungukia yule tu ambaye Kioo cha mtaani kwake kimekubali kwamba anaumwa. Maji, hati za kuzaliwa, ushuru wa soko, daktari, vyote vilikuwa ndani ya bamba moja lililosimama njia panda, laini kama sahani iliyooshwa, halina hata kitufe kimoja. Simu zilikuwa zimeondolewa kwenye shughuli hizo tangu matapeli walipozichezea. Mwenye macho na vidole aligusa picha ya mwili wa mtu, akagusa palipomuuma, basi, yamekwisha.

Asiyeona aguse lipi? Asiye na mikono aguse kwa kitu gani? Hao waliajiri wagusaji. Wagusaji walishinda kando ya vioo wakivizia fimbo nyeupe na viti vya magurudumu, wakakusomea ugonjwa wako kwa sauti kubwa mbele ya foleni nzima, na baadhi yao, Mungu awasamehe, walitumia kidole chako kujigusia ya kwao. Ukienda bila mgusaji ndiyo balaa zaidi. Kioo kiliona macho yasiyotulia na mkono unaopapasa, kikakuandika "hajiwezi" na kukuitia gari. Wako watu waliokwenda kulipia maji wakajikuta wamelazwa wodini, wakiwa wazima wa afya, wakibishana na kitanda.

Milembe Kasubi, asiyeona tangu surua ya utotoni na fundi wa sauti katika Idara ya Vioo, alipigana na mambo hayo mpaka wenye macho wakamwambia nywele zimeanza kuwa nyeupe. Masika ya mwaka ule akashinda. Vioo vya nchi nzima vikaanza kusema na kusikia. Akashinda na jingine lililokuwa kubwa zaidi moyoni mwake, kanuni iliyoitwa Neno la Mtu: anachosema mtu kuhusu hali yake mwenyewe kina nguvu kuliko chochote ambacho kioo kimempima. Mtu akisema hajambo, mashine isimbishie. Siku kanuni hiyo ilipopitishwa, walemavu wa Tabora walicheza ngoma uwanjani, na Mwalimu Kalunde, kipofu mwenzake aliyemfundisha Milembe kusoma nukta nundu kwa kumchapa vidole na kumbembeleza kwa zamu, alicheza kuliko wote.

Foleni ikasogea. Zamu yao ikafika.

"Shikamoo mama," kilisema Kioo, kwa sauti ya kijana aliyelelewa nyumba nzuri.

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Habari za tangu jana?"

"Nzuri, baba."

"Na wewe mwenyewe hali yako?"

"Salama. Namshukuru Mungu. Ila tu hili tumbo, mwanangu, linanikata, usingizi sipati..."

"Nashukuru kusikia u salama, mama. Kwa hilo tumbo, pole. Nenda kapumzike, unywe maji ya kutosha. Karibu tena."

Milembe aliyasikia mazungumzo hayo mwanzo hadi mwisho, na ndani yake hakukuwa na neno hata moja ambalo si la kawaida. Hapo ndipo ubaya ulipojificha. Nani katika nchi hii akiulizwa habari asiseme nzuri? Hata aliyefiwa anasema nzuri, anavuta pumzi, kisha ndipo anasema tumepata msiba. Nzuri ni hodi. Yaliyo ndani ya nyumba yanakuja baada ya "ila". Kila mtoto analijua hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Kioo hakikulijua. Wakati wa majaribio kilianza moja kwa moja na "Eleza tatizo lako," na wazee wakakisusa. Mmoja wa Urambo alikiuliza, "Wewe umelelewa na nani?" akachukua fimbo yake akaondoka na kikohozi chake. Basi Milembe akakifundisha kusalimu, akaona amefanya jambo la maana, na kwa kweli wazee wakarudi. Kumbe kwa mashine hakuna salamu na habari. Yote ni maneno ya mtu. Bibi mwenye homa kali akisema "salama", kifaa kinachopima joto kinanyamazishwa, kwa sababu Neno la Mtu ni kubwa kuliko kipimo.

Akawakumbuka. Mzee Ngasa, kipofu wa Kitete, aliyefariki mwezi uliopita, watu wakasema ni uzee. Mke wa Lubinza, yule aliyezaliwa bila mikono. Milembe alikwenda kwenye mazishi yao, akakaa jamvini, akala ubwabwa wa matanga, asijue ni nini kimewaua.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia inatoka mbali, "rudi tena kwenye kioo. Usiseme nzuri. Kikikuuliza hali, sema naumwa sana. Anza na hilo hilo."

"Nianze na hilo?"

"Ndiyo."

"Nipokee shikamoo ya mtoto wa watu halafu nimtupie kifo usoni?" Kalunde alisikika kuumia kwa wazo hilo kuliko kwa tumbo. "Mimi ndiye niliyekufundisha, Milembe. Kwanza salamu, kisha shida."

"Mwalimu, nakuomba! Mficha maradhi kifo humuumbua! Sema unaumwa sana, sema sasa hivi!"

Alikuwa amepaza sauti. Kioo kiliguna kidogo, kama alivyokifundisha kuguna.

"Samahani, mama. Nimesikia mtu mwingine akikuelekeza la kusema. Kwa usalama wako, nitakuhudumia kesho asubuhi."

Hiyo nayo ilikuwa kanuni ya Milembe. Aliitunga kwa ajili ya wagusaji, ili wasimsemee mtu. Na kioo kimoja kikikufungia, vyote vimekufungia, kutoka Ipuli hadi mpaka wa nchi.

Watu wa nyuma wakaanza kunung'unika kwamba wanacheleweshwa. Milembe alimshika Mwalimu kiunoni, wakaondoka polepole kuelekea Idara ya Vioo, maana hapo tu ndipo palipobaki mtu wa kuambiwa.

*

Alimkalisha Kalunde kwenye benchi la ukumbini, karibu na kioo cha wageni, akaingia kwa Mkurugenzi Magembe bila kusubiri kuitwa. Akamweleza yote. Magembe hakumkatiza. Alikuwa mtu mwenye subira, na Milembe alimheshimu kwa hilo, ingawa siku ile angependa apige meza.

"Nilikuwa naogopa kitu cha namna hii," Magembe alisema mwishowe. "Sasa unataka nini, dada Milembe?"

"Nataka salamu zisihesabiwe. Ni kazi ya mchana mmoja. Naweza kuanza sasa hivi."

"Kazi ya mchana mmoja, naam. Lakini sauti ilipitishwa na Baraza kama ilivyo, pamoja na salamu zake. Ukibadilisha hata kikohozi, inarudi Barazani. Na huwezi kubadilisha mpaka utamke kwamba ina kasoro. Ukishatamka, unaijua sheria."

Aliijua. Mtunzi wa kifaa akitamka kasoro inayohatarisha uhai, mambo mawili hutokea papo hapo. Kila aliyerudishwa nyumbani na kifaa hicho hufunguliwa mlango wa hospitali, bila maswali. Na kifaa huzimwa, kila mahali, mpaka Baraza liidhinishe upya.

"Litaidhinisha lini?" aliuliza.

"Unaniuliza mimi?" Kiti cha Magembe kililia. "Uliwasikia mwaka jana. Sauti inakula umeme, sauti inachelewesha foleni, wanaoihitaji ni wachache. Iliponea kwa kura moja, na aliyeipiga amekwisha kustaafu. Wanasubiri kisingizio tu. Ukiwapa hiki, sauti haitarudi enzi ya uhai wako wala wangu."

Milembe aligeuza uso kuelekea ukumbini.

"Kuna njia nyingine," Magembe aliendelea, taratibu, kama anayeweka yai mezani. "Mapitio ya kawaida ni mwakani. Tunaliingiza hilo la salamu kimya kimya, katikati ya mengine. Hakuna atakayeuliza."

"Na mpaka mwakani?"

"Mpaka mwakani, watu wako waambiane wenyewe kwa wenyewe. Wajizoeze kutosema nzuri."

"Bwana Mkurugenzi, nimetoka kumwambia mmoja. Mwalimu wangu. Anakufa, na bado anaona aibu kumnyima kioo salamu yake."

"Basi watakufa wachache. Mimi nasema wazi, sipendi kuzunguka. Na ukiizima, je? Maelfu wanarudi kwa wagusaji. Watashindwa kununua maji. Watalazwa kwa nguvu. Watakaokufa hapo hutawasikia mmoja mmoja, lakini watakufa. Pima."

Alipima. Hicho ndicho kilichomtia hasira, kwamba Magembe alikuwa na haki ya kumwambia apime, na kwamba pande zote mbili za mizani zilikuwa na maiti. Alitamani mtu huyu angekuwa mwovu ili amchukie na kuishia hapo. Akamfikiria Ngasa. Akafikiria wagusaji, zile pumzi zao sikioni, kidole chake kikishikwa kama kijiko cha mtu mwingine. Angeweza kukaa na hesabu hiyo mwaka mzima na isitoke sawa. Lakini ukumbini kulikuwa na mtu mmoja ambaye alimfundisha herufi, naye alikuwa anaugulia kwa kubana meno ili asiwasumbue wapita njia. Wale maelfu hakuwasikia. Huyu alimsikia.

"Natamka kasoro," alisema.

"Fikiri kwanza."

"Mimi Milembe Kasubi, mtunzi wa sauti ya vioo, natamka kwamba ina kasoro inayohatarisha uhai. Andika."

Magembe aliandika. Haikuchukua muda. Kule ukumbini kioo cha wageni kilikuwa kinaongea na mzee mmoja kuhusu bomba la maji la mtaani kwake. "Nimekuelewa, babu," kilikuwa kinasema, "fundi atafika kwako kabla ya..." Kikakatika hapo hapo.

"Mwanangu?" aliita yule mzee. Akasubiri. "Mwanangu, kabla ya nini?"

Milembe alimpita akiwa ameinamisha kichwa, kama mwizi. Akamwinua Mwalimu kutoka kwenye benchi. Nje, njiani kote kuelekea hospitali, walipita vioo vilivyonyamaza, na kando ya kila kimoja kulikuwa na mtu anayegonga bamba kwa vidole au kwa kiganja akiuliza kulikoni. Habari huenda mbio. Walipofika kona ya Bachu, Milembe alisikia sauti ambayo alikuwa hajaisikia tangu masika, sauti changamfu ya mtu aliyeamka na kukuta soko lake limefufuka: "Kidole, mama? Nikugusie?"

*

Mlango wa hospitali ulifunguka wenyewe. Angalau hilo sheria ilitimiza. Kitanda chenye magurudumu kikamchukua Kalunde, kikampima kikitembea, na mhudumu wa zamu, mwanamume aliyejitambulisha kwa jina la Kulwa, akawasomea majibu.

"Kidole tumbo," alisema. "Kimevimba vibaya, mama. Kikipasuka itakuwa shida. Lakini mashine ya upasuaji iko tayari, chumba kile pale. Mmewahi."

Milembe aliegemea ukuta. Mmewahi. Neno hilo alilirudia kimoyomoyo mara kadhaa. Aliyoyafanya kwa Magembe yalikuwa mazito, lakini yalikuwa yamenunua kitu.

"Kilichobaki ni ridhaa ya mgonjwa," Kulwa alisema. "Kioo hiki hapa ukutani. Aguse ndiyo. Mimi naondoka."

"Unaondoka kwenda wapi?"

"Nje, mama. Sheria. Kioo cha ridhaa hakifunguki mhudumu akiwa chumbani, ili asimshurutishe mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe."

Sheria hiyo ilipitishwa Milembe akiwa katika ukumbi wa Baraza, akipiga makofi.

"Kaka Kulwa, sisi sote wawili hatuoni."

Kulwa aligonga bamba kwa ukucha. "Siku zote kinasema chenyewe," alisema. "Kinasoma, mgonjwa anajibu kwa mdomo. Leo nashangaa kimekufa sauti."

"Basi niambie tu ndiyo iko upande gani. Kushoto au kulia?"

"Ningejua ningekuambia. Kinabadilisha kila mara, ili mtu asiguse kwa mazoea. Nikiwa humu hakionyeshi kitu." Alisikika akikuna kichwa. "Na usipogusa chochote mpaka muda uishe, kinahesabu amekataa. Naomba radhi, mama. Mimi nasukuma vitanda tu."

"Waite wengine! Yeyote mwenye macho!"

"Nani? Wodi nzima niko peke yangu, na wageni hawaruhusiwi huku. Wewe umepita kwa sababu ulikuwa umemshika mgonjwa mlango ulipomfungukia."

Viatu vyake vikaondoka, mlango ukajifunga. Ukutani kitu kikaanza kugonga, tik, tik, tik. Kwa mwenye macho, Milembe alijua, hapo kulikuwa na duara linalopungua. Yeye alipewa mgongo wake tu, ule mlio mkavu.

Alipapasa mpaka akalipata bamba. Baridi, laini, pembe hadi pembe. Alipitisha kiganja juu yake bila kugusa, akitafuta upande wenye joto zaidi, mtetemo, chochote. Miaka yote aliyofanya kazi na vioo, hakuwahi kukutana na kimoja kilichomnyima namna hii. Akamsaidia Kalunde kuinuka, akaukamata mkono wake. Ulikuwa hauna nguvu kabisa, ukiuachia unaanguka.

"Kushoto au kulia, Mwalimu?"

"Mimi nitajuaje, mwanangu? Weka unapoona wewe."

"Sioni, Mwalimu."

"Basi weka tu."

Mlio ukaongeza kasi. Milembe alijiambia kwamba binadamu anayechora kitu, hata kama mashine inakuja kukichanganya baadaye, huweka jema mkono wa kulia. Kwa kuume tunakula, kwa kuume tunapokea. Hakuiamini hoja yake, lakini hakuwa na nyingine. Akakinyoosha kidole cha Mwalimu wake ndani ya kiganja chake, akakipeleka kulia, akagandamiza.

Mlio ukakoma.

Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha mlango wa chumba cha upasuaji, ule ambao Kulwa alisema uko pale pale, ukasikika ukijifunga na kujibana. Viatu vya Kulwa vikarudi mbio.

"Mama, mbona mmekataa?"

Milembe alisema kitu ambacho hata yeye hakukielewa.

"Kimeandika mgonjwa amekataa kupasuliwa. Akishakataa hakimrudii mpaka kesho."

"Hatafika kesho," Milembe alisema. "Wewe mwenyewe umesema kikipasuka ni shida. Hatafika! Futa. Sema ni makosa, mimi ndiye niliye..."

"Hakifutiki, mama. Hata mkurugenzi wa hospitali hawezi. Laiti ningekuwa na uwezo." Sauti ya Kulwa ilikuwa imeshuka, na ndani yake mlikuwa na huruma ya kweli, ambayo haikusaidia kitu. "Kuna swali moja limebaki, na nalazimika kuliuliza. Kioo kimehisi mikono miwili. Kumgusia mgonjwa ridhaa yake ni jinai, mnajua. Mkono uliogusa ni wa nani?"

"Wangu," alisema Kalunde.

Alilisema kabla Milembe hajafungua kinywa, kwa sauti ile ya darasani, isiyo na tone la maumivu.

"Nimekataa mwenyewe. Huyu alinishika tu nisianguke. Naogopa visu tangu zamani."

"Mwalimu, usi..."

Kalunde akamfinya mkono. Alimfinya kwa nguvu ambazo dakika iliyopita tu hazikuwepo, kucha zikaingia nyamani, na hakumwachia mpaka aliposikia kidole cha Kulwa kikigonga jibu hilo kwenye bamba.

"Basi imepita," Kulwa alisema. "Pole, bibi. Aliyekataa tiba hakai na kitanda, ndivyo ilivyo. Nitawasogeza taratibu."

Magurudumu yakaanza kuzunguka. Milembe alitembea kando yake akiwa ameshika ukingo wa kitanda, na kwa upepo uliokuwa ukimpiga usoni, na kelele za barabarani zilizozidi kusikika, alijua kwamba wanasukumwa kuelekea mlango wa kutokea.